Kukadiria gharama ya kufunga koili za hesi kwenye aluminiamu

Hesi (mifereji inayoshika bolti) iliyokatwa moja kwa moja kwenye aluminiamu hulika upesi bolti ikifunguliwa mara kwa mara. Ndiyo maana mteja huomba koili za chuma cha pua, yaani waya uliosokotwa kama springi unaoingizwa kwenye tundu ili bolti ikamate humo, zile ambazo mafundi wengi huziita helikoili. Kosa la kawaida ni kuchukua bei ya koili na kuongeza kidogo juu yake.

Tuchukue kazi ya vifuniko 500 vya giaboksi, kila kimoja na matundu 4 ya M6 (bolti ya kipenyo cha milimita 6), yaani matundu 2,000. Bei zilizotumika hapa ni za mfano, weka zako.

Anza na muda. Tumia saa kupima muda wa matundu 20, uache 5 ya kwanza, kwa sababu mkono huwa bado haujazoea. Kwa tundu moja: kutoboa kwa biti ya milimita 6.3 sekunde 15, kulainisha mdomo 5, kukata hesi kwa tapu 25, kupuliza chenga 8, kuingiza koili 15, kuvunja kikonyo (ncha ya koili inayoshikwa wakati wa kuiingiza) 6, kukagua kwa geji 6. Kufunga na kufungua kifuniko kwenye jigi (kifaa cha kukishikilia) huchukua sekunde 60, sawa na 15 kwa kila tundu. Jumla ni 95. Ongeza asilimia 15 ya uchovu na kubadilisha biti: 109. Fundi pamoja na mashine wakigharimu TSh 12,000 kwa saa, hiyo ni TSh 363.

Koili ya TSh 900, pamoja na asilimia 3 ya zinazoharibika, ni 927. Tapu ya TSh 60,000 inayokata matundu 400 ni 150. Biti ya 12,000 inayotoboa 600 ni 20. Maandalizi ya saa moja na nusu ni 18,000, au 9 kwa tundu.

Vifuniko vinavyoharibika visisahauliwe. Tundu 1 kati ya 500 likiua kifuniko cha TSh 25,000, kila tundu libebe 50.

Jumla: TSh 1,519 kwa tundu, 6,076 kwa kifuniko, 3,038,000 kwa kazi nzima. Faida bado haimo.

Sasa mteja huyohuyo akileta vifuniko 5, usimpe bei hiyo. Maandalizi pekee yanakuwa 900 kwa tundu, na kama tapu na biti utazinunua kwa ajili yake tu, ni 3,600 nyingine. Tundu linafika TSh 5,840. Karakana nyingi hupoteza fedha hapa.

Kabla ya kutoa bei, angalia mchoro. Tundu lisilotokea upande wa pili hudai kina zaidi ya urefu wa koili, kwa kuwa ncha ya tapu haikati hesi kamili. Chenga zikijaa chini, tapu huvunjika ndani. Tapu yenyewe ni ya koili, si ya M6 ya kawaida: ukitumia ya kawaida, koili haitaingia. Koili ikae robo hadi nusu mzunguko chini ya uso. Ikichomoza, vifuniko havikutani vizuri. Ikitolewa hairudishwi, weka mpya. Kikonyo kilichovunjwa kikidondokea ndani ya giaboksi kinaweza kuharibu gia, kwa hiyo vihesabu: vikonyo 4 kwa kila kifuniko, na muda wa kuvihesabu uingie kwenye zile sekunde za ukaguzi.