Namna ya kuwashukuru wanaojitolea kuwasemea wenye demensia (maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri)

Cheti chenye maneno "kwa mchango wako mkubwa" usikichapishe. Andika alichokifanya hasa: alimsindikiza mama kwa daktari, akasisitiza maswali aulizwe mama mwenyewe, si mimi niliyekaa pembeni. Barua ya mistari mitano ya namna hiyo inatosha.

Siku? Wengi huchagua 21 Septemba, Siku ya Alzheimer Duniani (Alzheimer ni aina mojawapo ya demensia). Mimi napendelea 5 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, maana Septemba watu hawa hawashikiki kwa mikutano.

Hafla iwe asubuhi, fupi, bila muziki wa kupasua masikio. Kelele huwachosha wenye demensia, nao ndio wanaofaa kukabidhi zawadi. Picha ziombewe ruhusa. Tena wapo wanaojitolea huku wao wenyewe wana demensia. Hao wapewe maiki kwanza, na asiwepo wa kuwamalizia sentensi.

Wengi wa wanaojitolea pia wanauguza mgonjwa nyumbani kwao. Kwa hiyo, badala ya kikombe chenye nembo (nani hana vikombe?), mtafutie mtu wa kukaa na mgonjwa wake Jumamosi nzima. Na nauli anazodai, mlipe kabla ya hotuba.