Somo: Usaili wa kikundi, usiuchanganye na jopo

Wakuu, tutenganishe kwanza. Jopo ni wewe peke yako mbele ya wasaili kadhaa, kama kwenye mahojiano ya Sekretarieti ya Ajira, ile ya kazi za serikali Tanzania. Kikundi ni ninyi waombaji sita au wanane meza moja, mnapewa jambo mjadili, na wasaili wako pembeni wanaandika. Waajiri wenye waombaji wengi wanaupenda usaili huu wa kikundi: asubuhi moja wameshachuja.

Hatua ya 1: Soma tangazo mpaka mwisho. Emirates, kwa wahudumu wa ndege, wanataka umri usiopungua miaka 21, urefu sm 160, na ukisimama kwa ncha za vidole mkono ufike sm 212. Hapo ufasaha haukuokoi. Jipime ukutani nyumbani kabla hujatafuta nauli.

Hatua ya 2: Andaa utambulisho wa sekunde 40. Jirekodi kwa simu, ujisikilize. Utajichukia kidogo, ndiyo dawa.

Hatua ya 3: Shika majina ya wenzako mkiwa bado foleni.

Hatua ya 4: Majadiliano. Hapa ndipo nilipoangukia pua. Tulipewa orodha ya vitu 15, meli inazama, tuchague vitano kwa dakika 20. Niliongea mpaka mate yakanikauka. Dada aliyekaa kushoto kwangu alisema kama mara nne tu, mojawapo hii: "Zimebaki dakika sita, na kaka wa pale mwisho hatujamsikia." Msaili akainua kichwa, akamtazama, akaandika. Yule dada aliitwa kazini. Mimi nilikuwa nimemkata kauli kaka huyohuyo mara mbili.

MASWALI

Mkuu, mimi mkimya toka kuzaliwa. Nifanyeje?
Jitolee kuandika hoja au kushika saa. Ila usigeuke karani: mwishoni wasomee wenzako mlichokubaliana, kwa sauti.

Mtu akiiponda hoja yangu?
Kama ana haki, mwambie ana haki, msonge mbele. Kama hana, toa sababu moja, kisha waulize wengine wanaonaje. Mkianza kuvutana wawili, mmepotea wote.

Kiingereza kinanigomea nikiwa na presha.
Sentensi fupi fupi. Anza kwa kumtaja aliyetangulia: unapata pumzi, na inaonekana ulikuwa unasikiliza.

Mavazi je?
Ya ofisini, yaliyopigwa pasi. Viatu vipya usivianzie siku hiyo, mtasimama sana.