Penseli unayo, sasa tunga hadithi

Kwa miaka tisa nilichora picha za hadithi za watoto walizotunga wenzangu. Mswada unaletwa, nachora, nalipwa, basi. Siku nilipopeleka mswada wangu mwenyewe, mhariri aliusoma akaniuliza, "Hivi michoro yako ina kazi gani humu?" Nikajiona nimetukanwa. Kurudi nyumbani, nikafungua ukurasa wa nne: "Mbuzi mweupe mwenye doa jeusi usoni alisimama kwenye kivuko, amefungwa kamba nyekundu." Na mchoro? Mbuzi mweupe, doa jeusi, kamba nyekundu, kivuko. Nimesema mara mbili, mtoto hana cha kutafuta.

Kama nawe ni mchoraji na unataka kutunga, pekua kwanza madaftari yako ya zamani. Tafuta mhusika unayemchora hata bila kuagizwa. Wangu alikuwa mbuzi, maana nimekulia Pangani, na kwenye kivuko cha kwenda Bweni mbuzi hupanda pamoja na pikipiki na magunia. Ila mhusika peke yake si hadithi. Mtafutie anachokitaka na cha kumzuia. Mwanaidi anampeleka mbuzi kwa shangazi. Mbuzi hataki kuvuka. Hapo pana kitu.

Usiandike bado. Simulia. Wakusanye watoto wa nyumbani, sema "Paukwa!", wakiitikia "Pakawa!" anza, bila karatasi wala picha. Hapa ndipo wachoraji tunapoumbuka, kwa kuwa tumezoea kubebwa na picha. Niliwasimulia wapwa zangu jioni moja umeme umekatika. Nilipofika kwenye rangi ya mto wakaanza kufinyana, nikajua pamepwaya. Rudia siku tatu. Kipande utakachokisahau, kiache hukohuko.

Sasa tengeneza kitabu cha majaribio. Chukua karatasi 6 za A4, zikunje katikati kwa pamoja, zipige pini kwenye mkunjo: una kurasa 24. Ukitaka 32, ziwe 8. Kila karatasi inatoa kurasa 4, ndiyo maana kitabu cha pini hakiwezi kuwa na kurasa 26, hata ukimlilia mpiga chapa. Chora ovyoovyo, watu wa vijiti wanatosha. Ukianza kupendezesha utaona uchungu kufuta.

Utamu uko kwenye kufunua. Swali likae mwisho wa ukurasa wa kulia, jibu lijifiche nyuma yake. Kwangu ukurasa wa 11 unasema, "Mwanaidi akavuta kamba." Funua: 12 na 13 ni kamba tupu inaning'inia, ncha imetafunwa. Hakuna neno hata moja. Wapwa zangu walicheka hapo kuliko kwingine kote, na mimi nilikuwa nimepaandikia aya nzima!

Kisha kata. Soma kila sentensi huku unatazama mchoro wake. Kile jicho linachokiona, kalamu ikiache: rangi, mavazi, umbo. Bakiza visivyochoreka, yaani sauti, harufu, muda, kilichomo moyoni. Ile sentensi yangu ya ukurasa wa nne sasa ni hii: "Injini ikanguruma. Mbuzi akaganda." Mswada mzima ulishuka kutoka maneno 900 hadi 310.

Ukijichapishia mwenyewe Tanzania, ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukienda kwa mchapishaji, soma mkataba polepole. Mchoraji mara nyingi hulipwa kwa mkupuo, mtunzi ndiye wa mrabaha, yaani fungu la mauzo ya kitabu, na wewe sasa ni wote wawili. Kila kazi itajwe peke yake. Mkataba wangu wa kwanza ulitaja "michoro" tu. Niliurudisha bila kusaini, nikangoja wiki mbili tumbo joto. Ukarudi, neno "maandishi" limeongezwa pembeni kwa kalamu ya bluu, na sahihi ndogo kando yake.