Kuanzisha huduma ya hedhi salama shuleni: mwongozo kwa kamati za shule za Moshi vijijini

Kamati ya shule inapoamua kuwasaidia wasichana walio katika hedhi, wazo la kwanza huwa ni kununua katoni za pedi. Nia ni njema, ila pedi moja hutumika kwa saa nne hadi sita, kisha msichana huhitaji mahali pa kuibadilisha, maji ya kunawia na mahali pa kuitupa. Akikosa hata kimoja kati ya hivyo, ataomba ruhusa ya kurudi nyumbani ilhali pedi mpya imo mfukoni mwake. Kwa sababu hiyo, anzeni chooni.

Mwalimu wa kike akague vyoo pamoja na wasichana wachache wa madarasa ya juu, wakati wavulana wako darasani, ili waweze kusema bila haya kile kinachowasumbua. Viwango vya nchi yetu vinataka tundu moja la choo kwa wasichana 20, lakini idadi ya matundu si jambo pekee la kutazama. Je, mlango unafungika kwa ndani? Je, maji yamo humo humo, au msichana hulazimika kutoka na kwenda kwenye bomba lililo mbele ya madarasa yote? Komeo ni kitu cha bei ndogo mno kulinganisha na katoni za pedi, na ningependa linunuliwe kwanza.

Baada ya ukaguzi, tengeni chumba kimoja katika safu ya vyoo vya wasichana, kiwe na ndoo yenye koki, sabuni, msumari wa kutundikia sketi, pipa lenye mfuniko na kioo cha kumwezesha msichana kujitazama nyuma kabla ya kurudi darasani. Kwa shule za mlimani, kama zile za Kibosho na Uru, maji huenda yasiwe tatizo kubwa. Huku tambarare, kuelekea Kahe, ni vyema kuweka mifereji ya bati na tanki ili kuvuna maji ya masika, na kuwa na utaratibu wa kuyachota miezi ya kiangazi.

Pedi za dukani zina plastiki na hazifai kutumbukizwa chooni, kwa kuwa hulijaza shimo mapema. Jengeni kichomea cha tofali chenye bomba la moshi, mbali na madarasa, na uchomaji ufanywe na mtu mzima baada ya wanafunzi kuondoka. Wako wazazi wanaohofia kwamba damu ikionekana inaweza kutumiwa kishirikina, na kubishana nao hakusaidii. Waonyesheni kwamba pipa limefunikwa na kwamba taka huteketea zote.

Kuhusu pedi za kitambaa, ambazo zinaweza kushonwa na fundi yeyote wa cherehani au na wanafunzi wenyewe katika kazi za mikono, utaratibu ni huu. Kateni vipande vya flana ya pamba vyenye urefu wa sentimita 25 hivi, mvipange tabaka kadhaa, chini yake muweke kitambaa kisichopitisha maji, kisha mshone mabawa mawili yenye vifungo vya kubana ili pedi ishike nguo ya ndani. Flana mpya ni bora zaidi. Mkitumia shuka za mtumba za soko la Kiboroloni, zichemsheni kwanza.

Ugumu wa pedi hizi haumo katika kushona bali katika kukausha. Baada ya kulowekwa na kufuliwa kwa maji baridi na sabuni (maji ya moto hugandisha doa), zinapaswa kuanikwa juani, lakini msichana mwenye haya huzificha chini ya godoro zikiwa mbichi, na huko ndiko miwasho na harufu vinakoanzia. Juni na Julai, mawingu yanapofunika miteremko ya Kilimanjaro siku nzima, hata aliyezianika vizuri huzikuta na unyevu. Kwa hiyo mpeni kila msichana sita au zaidi, mumwelekeze azianike nje chini ya khanga nyepesi, na azipige pasi ya mkaa jua likikosekana. Asiye na faragha wala maji nyumbani apewe pedi za dukani, asilazimishwe kutumia za kitambaa.

Pedi za dukani zitunzwe kabatini, funguo wawe nazo walimu wawili wa kike, ili mmoja akiwa hayupo huduma isisimame. Msichana anaposema, “Mwalimu, tumbo linaniuma,” asihojiwe mbele ya wenzake, apewe ufunguo. Na tafadhali msiwapange wasichana mstari kupigwa picha na mfadhili.

Elimu itolewe kabla hedhi haijaanza. Kwa kuwa wengine huanza wakiwa na miaka tisa au kumi, kusubiri darasa la saba ni kuchelewa. Wavulana nao wafundishwe, maana kicheko cha darasani humfukuza msichana shuleni haraka kuliko doa lenyewe. Katika mkutano wa wazazi waiteni akina baba kwa dhati, kwani mara nyingi wao ndio wenye kauli ya mwisho juu ya fedha za matumizi.

Maumivu ya kawaida hupungua kwa chupa ya maji ya moto tumboni au kwa dawa ya maumivu iliyoelekezwa na mhudumu wa afya. Anayelowesha pedi ndani ya saa moja au mbili, anayetokwa damu zaidi ya siku saba au anayepata kizunguzungu apelekwe zahanati, akisindikizwa na mtu mzima wa kike.

Mwisho ni fedha. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018 na kuirejesha mwaka 2019, kwa maelezo kwamba bei haikuwa imeshuka. Msipange bajeti kwa kutegemea unafuu wa aina hiyo. Ingizeni pedi na sabuni katika mpango wa shule kama mnavyoingiza chaki, na kila muhula mlinganishe mahudhurio ya wasichana na ya muhula uliotangulia, bila kuandika popote ni nani alikuwa katika siku zake.