Nati ya Pwani Haifunguliwi kwa Hasira

Nyumba yangu iko Sahare, mwendo mfupi tu kutoka baharini. Kusi ikishika kasi, pangusa kioo cha dirisha asubuhi kisha uonje kidole: chumvi. Chumvi hiyo hiyo ndiyo inayolala kwenye nati za baiskeli, bawaba za geti, skrubu za feni na koki ya uani. Ndiyo maana kwetu Tanga ufundi wa nyumbani unaanzia kwenye kufungua. Kubadilisha kipuri ni kazi ya dakika kumi. Kukitoa kile cha zamani bila kuvunja kilichokishikilia, hapo ndipo siku inapoishia.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye korona ya mkonge, yaani mashine ya kusaga majani ili kutoa nyuzi, upande wa Muheza. Maji ya mkonge yana asidi, yanakula chuma vibaya sana, kwa hiyo alizoea nati zilizogandana kuliko watu wengi. Nilikuwa namshikia taa na kumpa spana, na mengi ninayoyaandika hapa niliyaona mikononi mwake.

Anza na brashi ya waya. Hatua hii watu wengi wanairuka, na mimi naona ndiyo kubwa. Tazama bolti iliyokaa nje miaka mitatu: zile nyuzi zilizochomoza nje ya nati zimejaa kutu. Hata ukifaulu kuizungusha nati, itapanda juu ya ile kutu, itabana, na bolti itakatika. Sugua nyuzi mpaka uone chuma kinang'aa, kisha futa vumbi lote kwa kitambaa.

Halafu dawa. Mimi nachanganya vijiko vitatu vya mafuta ya taa na kijiko kimoja cha oili nyepesi ya cherehani, naweka kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba. Mafuta ya taa ni mepesi, yanapenya. Oili inabaki ndani kulainisha. Dondoshea pale nati inapokutana na bolti, na upande wa pili pia kama unafikika. Kisha gonga nati kwa nyundo ndogo kwenye zile pande zake bapa, kila upande mara tatu nne, gonga za kubisha hodi. Mtikisiko ule unapasua kutu na kuyafungulia mafuta njia. Usigonge ncha ya bolti, utaponda nyuzi na nati haitatoka tena. Ukimaliza, iache. Rudia jioni, iache mpaka kesho. Asiye na nafasi ya kusubiri usiku mmoja, ni afadhali asiiguse siku hiyo.

Kesho yake chukua spana ya ringi, inayoizunguka nati pande zote. Spana ya mdomo inashika pembe mbili tu. Ile ya kurekebisha, ambayo mafundi wanaiita spana malaya, iache kwa kazi nyepesi, maana ina mchezo na ndiyo inayoviringisha pembe za nati. Angalia na vipimo. Vitu vya zamani, hasa baiskeli na pampu, vingi vina nati za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia, unadhani imekaa, kumbe imelegea kidogo. Ukiivuta kwa nguvu inateleza, na nati imekwisha kuwa duara.

Sasa kaza kwanza. Ndiyo, kaza, kidogo tu, kama unataka kuifunga zaidi. Utasikia "tik" ndogo mkononi. Ni kutu imeachia. Hapo ndipo ufungue robo mzunguko, urudishe nusu ya ulichofungua, utie tone la mafuta, ufungue tena. Unakwenda na kurudi hivyo mpaka itoke. Ukihisi inazunguka laini kama mpira, bila ukinzani wa chuma, simama hapo hapo: bolti imeanza kujinyonga na inakaribia kukatika.

Ikigoma kabisa, kuna moto na mshumaa. Hii ni kwa kifaa ulichokwisha kukitoa na kukifuta mafuta yote, ukiwa nje, mbali na tairi, tangi na plastiki. Usiifanye kabisa juu ya kitu kilicholowa mafuta ya taa au petroli. Pasha nati mpaka iwe moto sana, itatanuka kuliko bolti iliyo ndani. Toa motoni, gusisha mshumaa pale kwenye ungio. Nta itayeyuka na utaiona ikifyonzwa ndani. Subiri kidogo, shika kwa spana, jaribu. Imenifungulia bawaba za geti ambazo fundi mmoja alishasema zikatwe.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja na baiskeli yake, Phoenix, pedeli ya kushoto imepinda baada ya kugongwa na bajaji. Alikuwa ameshahangaika nayo tangu asubuhi, ameunga spana ya 15 na kipande cha bomba ili apate nguvu.

"Shikamoo shangazi. Hii imegoma. Nimeikanyagia mpaka spana imepinda."

"Marahaba mwanangu. Umekanyagia kuelekea wapi?"

Akanionyesha. Alikuwa anaikaza. Pedeli ya kulia ina nyuzi za kawaida, ya kushoto zimegeuzwa, ili mtu anapoendesha isijifungue yenyewe. Yeye alikuwa ameifunga zaidi kwa uzito wa mwili wake wote. Nikamfundisha njia ya kukumbuka bila kuwaza kulia wala kushoto: baiskeli isimame kwa magurudumu yake, mpini wa spana uuelekeze juu, kisha vuta kuelekea gurudumu la nyuma. Nyuma inafungua, mbele inafunga, na ni hivyo kwa pedeli zote mbili. Tukaitia mafuta, tukanywa chai, tukaigonga, tukaiacha mpaka baada ya Alasiri. Ilitoka kwa mkono mmoja, bila bomba.

Na mimi nimeshaumia kwa haraka. Mfuniko wa pampu ya maji una bolti nne. Tatu zilitoka vizuri, ya nne nikaivuta kwa hasira kwa sababu maji yalikuwa yamekatika na ndoo ziko tupu. Ikakatika usawa wa chuma. Kuitoboa kwa keekee na kutengeneza nyuzi upya kulinigharimu siku mbili na pesa ya nusu ya pampu. Mfuniko ule ni wa alumini na bolti za chuma. Vyuma hivi viwili vikikutana na chumvi, alumini inatoa unga mweupe unaovimba na kubana bolti. Ukiuona ule unga, dawa iongeze, na muda uongeze.

Skrubu iliyoliwa kichwa: kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kiweke juu ya kichwa, bonyeza bisibisi juu yake kwa nguvu, zungusha taratibu. Mpira unajaza pale palipoliwa na bisibisi inapata mshiko. Bomba la duara ambalo huna spana yake, lizungushie kamba ya katani mara nne tano, ncha zake zifunge kwenye kijiti kigumu, uzungushe kijiti kikiwa kimelalia bomba. Katani ni kavu, inashika bila kukwaruza rangi.

Unapofungua kitu chenye vipande vingi, tumia trei ya mayai. Kipande cha kwanza kutoka kinaingia kitundu cha kwanza, cha pili cha pili, na wakati wa kurudisha unaanzia mwisho. Kwa ekseli ya baiskeli tandika shuka kuukuu chini kabla hujagusa koni, ile nati inayozibana goroli, maana goroli zikidondoka kwenye mchanga huzipati. Mimi nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, naisogeza karibu na goroli zinajikusanya zenyewe. Hesabu upande mmoja kabla ya kufungua wa pili, na uandike.

Spana zenyewe zikishika kutu, zilaze kwenye siki usiku kucha. Ndimu pia inafaa kwa kifaa kidogo. Asubuhi sugua, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kausha juani, pakaa oili. Usipokausha, jioni utakuta kutu mpya.

Neno kuhusu mafuta ya jikoni. Naletewa cherehani nyingi zilizogoma, na karibu zote zimetiwa mafuta ya alizeti. Yakikaa yanakuwa utomvu, kisha gundi. Ya nazi nayo huganda asubuhi za Julai. Oili ya cherehani haina bei kubwa, inauzwa Ngamiani kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Kama mashine imeshagandana, dondoshea mafuta ya taa, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka uchafu wa kahawia utoke, futa, ndipo utie oili halisi.

Koki inayodondosha ni washa ya mpira imekwisha. Funga maji kwenye koki kuu, fungua kichwa, toa washa, nunua ya kipimo hicho hicho. Ya kukata kwenye kandambili inafaa kwa dharura tu. Sponji yake inalala ndani ya siku chache. Ya tyubu nene ya gari inadumu zaidi.

Kitu chochote cha umeme, hata feni, chomoa kabisa kabla ya bisibisi kugusa. Na kumbuka nati ya plastiki inayoshika panga za feni ya kusimama: kwenye feni nyingi inafunguka kuelekea upande wa kufunga, kama ile pedeli.

Wakati wa kurudisha, kila uzi upate grisi, tabaka jembamba, hata kama bolti ni mpya. Kisha nachukua rangi ya kucha nyekundu, nachora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma ilichokalia. Mstari ukipishana, nati imelegea, na naiona nikiwa nimesimama, bila kushika spana. Baiskeli ya mpwa wangu ina mistari kumi na moja. Kila Ijumaa kabla ya kuiosha chumvi kwa maji baridi anaikagua yote, na ile ya pedeli ya kushoto bado imenyooka.