Moto ukizuka kituo cha watoto: hesabu mikono kwanza

Kabla hujanunua mtungi wa kuzimia moto, hesabu mikono. Tuseme kituo chako hapo Mtwara mjini kina walezi 3 na watoto 24, na 6 kati yao hawajaanza kutembea. Mlezi mmoja ana uwezo wa kutoka na wachanga 2: mmoja mgongoni kwa mbeleko, mwingine mkononi. Walezi wote 3 watakuwa wamejaa. Wale 18 wanaotembea wataongozwa na nani? Ndiyo maana mpishi na mlinzi lazima wawemo kwenye mpango, kila mmoja akijua kundi lake kwa majina. Mbeleko ziningʼinie kwenye msumari kando ya mlango wa chumba cha wachanga, si kabatini, na chumba hicho kiwe ndicho kilicho karibu zaidi na mlango wa kutokea. Wanaotembea washike kamba yenye mafundo, kila mtoto na fundo lake.

Kufuli ndilo linaloua. Vituo vingi hufunga mlango kwa nje watoto wanapolala mchana ili wasitoroke. Weka komeo la ndani, juu kwa kimo cha mtu mzima, linalofunguka bila ufunguo. Madirisha yana nondo? Walau moja kwa kila chumba, nondo zake zifungwe kwa bawaba ili zifunguke kwa ndani.

Jiko la uji likae nje, upande wa magharibi wa jengo. Kwetu pwani, kusi na kaskazi zote huvuma kutoka upande wa bahari, hivyo cheche zitapeperushwa mbali na paa. Kwa paa la makuti hili si la kujadili. Mtungi wa gesi nao ukae nje: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani hujikusanya sakafuni, pale pale watoto wanapotambaa.

Fanyeni zoezi kila mwezi, na mara nyingine saa ya kulala, maana hapo ndipo magodoro huziba njia. Tumieni filimbi, kengele ya uji itawapeleka jikoni. Mlezi wa mwisho apapase chini ya vitanda, nyuma ya milango na chooni, kwa kuwa mtoto mdogo akiogopa hujificha, hakimbii. Akitoka, afunge mlango bila komeo ili kuchelewesha moshi.

Kusanyikeni chini ya mwembe mliouchagua, msome daftari la mahudhurio. Mzazi akimchukua mtoto mapema, andika palepale. Usipoandika, mtu atarudi motoni kumtafuta mtoto aliyeko kwao.

Aliye nje tayari apige 114, Zimamoto, ataje mtaa na alama iliyo karibu, kama msikiti au shule, kisha mtu mmoja asimame barabarani kuwaelekeza.

Mtungi wa poda wa kilo 6 utundikwe karibu na mlango wa jiko, si juu ya moto wenyewe. Mshale wa kipimo kilicho kwenye mtungi uwe kwenye kijani. Poda huisha ndani ya nusu dakika, kwa hiyo ni ya moto mdogo tu, watoto wakiwa wameshatoka na mlango ukiwa mgongoni mwako. Vuta pini, elekeza kwenye shina la moto, bana, fagia kushoto na kulia.

Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya bomba au ya ndoo dakika 20, umfunike sehemu nyingine asipate baridi, kisha hospitali. Dawa ya meno, yai na mafuta ya kula visimguse.