SOMO: Kupeleka familia Disneyland Paris kutoka Nairobi (soma kabla hujaniuliza)

Naandika hili mara moja ili niwe natuma kiungo tu. Kila likizo ikikaribia, simu yangu hujaa swali lile lile: "Kwenda Disney ni pesa ngapi?" Silijibu, kwa sababu bei ya kuingia hubadilika kulingana na tarehe, ya ndege vilevile, na mimi sijui watoto wako wana umri gani. Ninachojua ni mpangilio: kipi kinatangulia, kipi kinafuata. Watu hawapotezi pesa kwa sababu Ufaransa ni ghali; wanazipoteza kwa kulipia hatua ya tano kabla ya ya tatu.

Ninayoizungumzia ni ile iliyofunguliwa Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, mashariki mwa Paris. Ni bustani mbili za michezo zilizo jirani (ya pili ilifunguliwa 2002), hoteli kadhaa, na kituo cha treni kilicho karibu kabisa na lango.

1. Tarehe. Wengi wetu hukimbilia Agosti kwa kuwa shule zimefungwa. Na za Ufaransa zimefungwa pia, tangu Julai, kwa hiyo utapanga foleni na nusu ya Ulaya. Lakini kalenda yetu inatupa mwanya ambao wenzetu wa huko hawana: likizo yetu ndefu ya mwisho wa mwaka. Watoto wa Kifaransa hurudi darasani mapema Novemba baada ya mapumziko yao ya Toussaint (Sikukuu ya Watakatifu Wote), na hawatoki tena hadi Krismasi inapobisha hodi. Kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba, watoto wako wapo nyumbani na wa kwao wapo shuleni, na mapambo ya Krismasi yameshawekwa. Tarehe 11 Novemba ni sikukuu yao, iepuke. Chagua Jumatatu, Jumanne au Alhamisi. Jumatano watoto wengi wa shule za msingi huko hawasomi siku nzima. Baridi ipo, na saa kumi na moja jioni giza linaanza kuingia. Mimi naona afadhali baridi kuliko foleni.

2. Pasipoti. Kila mtu yake, hata mtoto mchanga, na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya.

3. Viza. Hapa ndipo pesa huzama, niulize mimi. Ni viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya: euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, bure chini ya miaka 6. Juu yake kuna ada ya kituo kinachopokea fomu. Ukinyimwa, ada hairudi. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila wanaruhusiwa kuchukua hadi 45, na hiyo haihesabu wiki utakazosubiri kupata miadi ya kupeleka fomu. Kwa hiyo USILIPIE KITU KISICHORUDISHWA KABLA VIZA HAZIJABANDIKWA KWENYE PASIPOTI ZOTE. Nimesema zote. Baba na watoto wakipata, mama akanyimwa, hiyo si safari tena, ni kikao cha familia. Peleka nafasi ya ndege iliyoshikwa bila kulipiwa na hoteli unayoweza kufuta bure. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Weka barua ya kazi inayotaja likizo yako, au cheti cha biashara na karatasi za kodi kama umejiajiri, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama mzazi mmoja habanduki Nairobi, barua yake ya ridhaa iliyopigwa muhuri na wakili. Jambo la mwisho: usiazime laki tano za shemeji uzimwage kwenye akaunti wiki moja kabla. Anayesoma karatasi zako anatazama miezi iliyopita, si salio la jana, na pesa iliyotua ghafla ndiyo ya kwanza kumkodolea macho.

4. Ndege. Kenya Airways huenda Paris moja kwa moja. Nyingine nyingi hupitia Ghuba, Addis au Istanbul.

5. Pa kulala. Hoteli za ndani zina faida moja ya kweli: unaingia bustanini mapema kabla ya umati. Ukiona bei imekupita, tafuta chumba Val d'Europe, kituo kimoja tu cha treni kabla ya Disney. Pale kuna duka kubwa la Auchan, na mkate, matunda na maziwa vya kule vitakuokoa.

6. Kutoka uwanja wa ndege. Uwanja wa Charles de Gaulle una treni ya kasi, TGV, inayofika kituo cha Disney, Marne-la-Vallée Chessy, kwa kama dakika kumi bila kuingia Paris. Tiketi yake ni ya treni maalum ya saa maalum, basi usikate inayoondoka nusu saa baada ya ndege kutua, ukijua kuna foleni ya uhamiaji na mizigo. Ukiwa mjini Paris, panda treni ya mjini iitwayo RER A, takriban dakika arobaini. Soma ubao kabla ya kupanda: reli ile hugawanyika, na treni nyingine zinaelekea Boissy-Saint-Léger. Yako ni Chessy.

7. Pima watoto. Pima leo, nyumbani, bila viatu, kwa ile futi ya fundi cherehani. Michezo mikubwa ya kupanda ina kimo cha chini: Big Thunder Mountain inataka sentimita 102, Crush's Coaster 107, Hyperspace Mountain 120, Indiana Jones 140. Mhudumu ana kijiti cha kupimia langoni na hana huruma: anamsimamisha mtoto wima, anambonyeza nywele zilizosukwa juu ili afikie kichwa chenyewe, halafu anatikisa kichwa. Mtoto wa sentimita 101 anageuzwa, hata kama mmesimama saa nzima. Mwambie ukweli mkiwa bado Nairobi, alie huku.

8. Siku yenyewe. Pakua programu yao ya simu, inaonyesha urefu wa kila foleni. Fika kabla ya lango kufunguliwa. Mengine mtayaona.

MASWALI

Baba Imani: Asante kwa somo. Sasa kwa familia ya watu wanne, ni kama pesa ngapi hivi?

Aya ya kwanza, Baba Imani.

Mama Zawadi: Nina wa miaka 9 mrefu na wa miaka 4 mfupi. Inamaanisha mmoja wetu akae nje kila mara?

Swali zuri, dada. Hapana. Mwambie mhudumu wa mlangoni mna mtoto asiyeruhusiwa. Mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mdogo, kisha mnabadilishana bila wa pili kuanza foleni upya. Utaratibu huu uko kwenye michezo mikubwa mingi, na mara nyingi mkubwa hupanda na nyote wawili, jambo ambalo halitamkera. Huyo wa miaka 4 mpeleke Fantasyland, sehemu ya wadogo: Dumbo, It's a Small World na Peter Pan's Flight hazina kipimo cha kimo. Peter Pan muende kwanza kabisa asubuhi, foleni yake haipungui.

Msafiri wa Kayole: Ticket nimeshalipia, ilikuwa ofa. Naondoka baada ya siku kumi. Viza kuna njia ya mkato?

Hakuna. Na yule wakala wa River Road atakayekuambia anayo, hana.

Msafiri wa Kayole: Mbona majibu makali bana, mtu ameuliza tu.

Hatua ya 3 nimeiandika kwa herufi kubwa, kaka. Piga simu shirika la ndege leo uulize gharama ya kusogeza tarehe. Huenda ikawa nafuu kuliko kuipoteza tiketi nzima.

Shangazi wa South C: Sisi ni Waislamu. Tutakula nini siku nzima?

Shikamoo Shangazi. Ndani ya bustani tegemea samaki na vyakula vya mboga, na uliza mgahawani kabla ya kuagiza. Vitafunio vyenu mnaweza kuingia navyo, mradi msibebe chupa za kioo wala masanduku makubwa ya barafu. Paris mjini migahawa ya halali ni mingi, hasa upande wa Barbès. Mtu akipita huko kabla ya siku ya Disney, abebe kitu.

Mwalimu wa Buruburu: Kwa nini usipendekeze ile ya Florida? Nasikia ndiyo kubwa.

Ni kubwa kweli, Mwalimu. Ipo tangu 1971 na ina bustani nne, huwezi kuimaliza kwa siku mbili tatu. Lakini ada ya kuomba viza ya Marekani ni dola 185 kwa kila kichwa, mtoto na mzee sawa. Hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Orlando. Na saa zinapishana kwa saba au nane, kwa hiyo watoto wataamka saa tisa usiku wakidai uji. Na nikuchekeshe: kwenye Animal Kingdom yao kuna kijiji kinaitwa Harambe, kimejengwa kama mji wa pwani yetu, na ndani yake unapanda lori la Kilimanjaro Safaris kwenda kuona twiga. Mkaaji wa Buruburu kulipa dola aone twiga, na Lang'ata ipo!

Kip wa Ngong: Wanapokea M-Pesa?

Hapana. Kadi ya GlobalPay ya M-Pesa ni ya Visa, inalipia vitu vya mtandaoni ukiwa bado hapa. Huko beba kadi ya benki na euro chache. Beba na adapta, soketi zao ni za matundu mawili ya duara.

Mama Zawadi: Na hayo makoti ya baridi, tunanunua huko?

Usithubutu. Mitumba ya Gikomba na Toi ina makoti mazito yaliyotoka huko huko Ulaya.

Shangazi wa South C: Toi ni bora kwa ya watoto. Nenda asubuhi siku wanayofungua bale. Zipu ijaribu palepale, na uangalie mifukoni, mimi niliokota glavu jozi nzima.

Baba Imani: Shangazi, bei gani hayo makoti?